Sura ya Nne: Mbali ni Saa Ngapi?

"Hivi kutoka hapa hadi Maskati ni mbali kiasi gani?"

Swali hili utalisikia Kibiti, utalisikia Kilindoni, na utalisikia Mbagala kwa waliohamia kutoka kusini. Anayeuliza mara nyingi ana mtu wake huko: mtoto aliyekwenda kutafuta maisha, au shangazi aliyeolewa zamani akabaki hukohuko. Ukimjibu kwa kilomita, anatikisa kichwa kwa adabu, kisha anauliza tena kwa namna nyingine: "Sawa, lakini ni saa ngapi?"

Tuanze na simu ambayo pengine nawe umewahi kuipiga. Binti yuko Maskati, Oman. Mama yuko Kiomboni, ndani ya delta ya Rufiji wilayani Kibiti. Delta ni mahali mto unapogawanyika kuwa mito midogo mingi kabla ya kuingia baharini. Huko barabara ni maji, na gari ni mtumbwi au boti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Mama, njoo basi unione. Kwani mbali? Ndege saa tano tu na dakika zake."

"Saa tano? Mie nikitoka hapa, saa tano zikiisha bado niko Nyamisati nangoja gari lijae."

Wote wawili wamesema kweli. Binti amehesabu saa za kwenda, na mama amehesabu saa za kwenda pamoja na za kungoja. Tukiweza kuzitenganisha hesabu hizo mbili, tutakuwa tumejibu swali la mbali na karibu, iwe ni safari ya Maskati, ya Guangzhou au ya ng'ambo ya mto.

Kilomita za tiketi

Umbali unaotajwa kati ya miji miwili kwa ndege haupimwi kwa kufuata barabara, wala hauanzi nyumbani kwako. Huanzia kiwanja cha ndege cha mji wa kwanza na kuishia kiwanja cha mji wa pili, kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia.

Njia hiyo fupi huwashangaza watu, kwa sababu ramani ya ukutani ni bapa na dunia ni mviringo. Chukua chungwa. Chomeka vijiti viwili vya kibiriti mbali kidogo, kisha vuta uzi kutoka kimoja hadi kingine mpaka ukaze. Uzi utajitafutia njia yake. Ukilichora chungwa hilo kwenye karatasi, njia ya uzi mara nyingi itaonekana imepinda kama upinde, ilhali ndiyo iliyonyooka. Ndiyo maana ndege ya kutoka Dubai kwenda Los Angeles hupita kaskazini kabisa, karibu na ncha ya dunia yenye barafu, badala ya kukata moja kwa moja kuelekea magharibi kama ramani inavyotudanganya.

Kati ya Dar es Salaam na Maskati upindaji huo ni mdogo, kwa kuwa safari inaelekea kaskazini zaidi kuliko mashariki. Kwa kipimo cha uzi, kutoka uwanja wa Julius Nyerere umbali ni kama ifuatavyo, kwa makadirio ya karibu:

- Mafia: kilomita 126
- Mwanza: kilomita 850
- Maskati: kilomita 3,970
- Mumbai: kilomita 4,680
- London: kilomita 7,500
- Guangzhou: kilomita 8,700

Angalia Mwanza. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa sababu barabara hupitia Morogoro, Dodoma na Singida, ikikwepa milima na kufuata miji. Ndege haina mji wa kupitia.

Kutoka umbali hadi muda kuna hesabu ya kichwani ambayo haitakuangusha sana. Ndege kubwa ya abiria, ikishafika juu kilomita kumi na zaidi, hukimbia karibu kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Lakini kupaa kunataka muda, kushuka kunataka muda, na kutambaa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua kunataka muda vilevile. Kwa hiyo:

1. Chukua kilomita, gawanya kwa 850.
2. Ongeza nusu saa.

Mwanza: 850 kwa 850 ni saa moja, ongeza nusu, unapata saa moja na nusu. Maskati: saa nne na dakika 40, ongeza nusu, unapata saa tano na dakika kumi hivi. Guangzhou: karibu saa kumi na dakika 45. Ukiangalia tiketi utakuta tofauti ya dakika chache tu. Kwa ndege ndogo za kwenda Mafia kanuni hii haifai, maana hizo hukimbia kama kilomita 300 kwa saa. Ndiyo sababu kilomita 126 tu huchukua zaidi ya nusu saa.

Saa za tiketi

Muda unaoandikwa kwenye tiketi si muda wa kuwa angani peke yake. Huhesabiwa tangu magurudumu yaanze kusogea kutoka mahali ndege ilipoegeshwa hadi yasimame mahali pa kuegesha kule iendako. Mashirika hupenda kuacha dakika kidogo za akiba humo, ndiyo maana mara nyingine rubani anatangaza kwa furaha kwamba mmefika mapema.

Kisha kuna mtego wa saa za nchi. Dunia imegawanywa katika kanda za saa, ili mchana wa kila nchi uangukie mchana wa saa yake. Oman iko saa moja mbele ya Tanzania, na China iko saa tano mbele. Ukiondoka Dar saa kumi na moja jioni na kusafiri saa tano na dakika 20, ukutani Maskati utakuta saa tano na dakika 20 usiku. Ukitoa mara moja unapata saa sita na dakika 20, na unaanza kulaumu ndege kwamba inakwenda polepole. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: hesabu ya haraka inakupa saa nne na dakika 20. Ndege haikubadili mwendo, saa ya ukutani ndiyo iliyobadilika. Kabla ya kutoa, rudisha saa zote mbili kwenye saa ya nchi moja.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe, Waswahili. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, tiketi inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita. Tiketi inaposema 16:10, toa sita: ni saa kumi na dakika kumi. Hilo wengi wamelizoea. Linaloumiza watu ni usiku wa manane. Tiketi imeandikwa Ijumaa, 03:25. Kijana anasoma "Ijumaa usiku", anaaga watu Ijumaa jioni baada ya swala ya magharibi, anafika uwanjani na begi lake, anaambiwa ndege imeondoka alfajiri ya leo.

Mzee wa pwani asingekosea hapo. Kwa hesabu ya zamani, siku huanza jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani ule unaofuata Alhamisi jioni. Kwa saa tisa na dakika 25 za usiku, tiketi na mzee wanasema jambo lilelile. Kwa hiyo ukiona kwenye tiketi saa inayoanza na 00 hadi 05, jisemee kwa Kiswahili cha wazee: usiku wa kuamkia. Kisha uage watu siku moja kabla.

Kwa ufupi: Umbali wa ndege ni wa uwanja hadi uwanja, kwa njia ya uzi kwenye chungwa. Muda wake ni kilomita kugawanya kwa 850, ongeza nusu saa. Saa ya kuondoka na ya kufika zisomwe kwa saa ya nchi moja kabla ya kutoa.

Saa ambazo tiketi haizitaji

Sasa turudi kwa mama wa Kiomboni. Tuseme amekubali kwenda, na ndege yake inaondoka Dar saa kumi na moja jioni. Tumwandikie daftari la safari.

Saa kumi na moja alfajiri ameshafunga mzigo: kikapu cha kamba wakavu, nazi mbili, na kanga mpya ya kumpelekea mjukuu. Yuko tayari, lakini maji hayako tayari. Yamekupwa. Pale boti ilipo pamebaki matope meusi yanayong'aa, mizizi ya mikoko imesimama nje kama vidole, na kaa wanatembea mahali ambapo jana jioni watu walipanda boti. Anangoja mpaka saa mbili ndipo boti inaelea.

- Kungoja maji yajae: saa 3
- Boti hadi Nyamisati: saa 1
- Kungoja gari lijae: saa 2
- Gari hadi Bungu, kwenye barabara kuu ya kusini: saa 1 na nusu
- Kungoja basi: nusu saa
- Basi hadi Mbagala Rangi Tatu: saa 3

Ni saa kumi jioni, na abiria wa ndege kubwa hutakiwa uwanjani saa tatu kabla. Ndege ya leo haiwezekani. Analala kwa mdogo wake Mbagala, na kesho yake saa sita na nusu mchana anaanza tena:

- Kulala na kungoja Mbagala: saa 20 na nusu
- Foleni hadi uwanja wa ndege: saa 1 na nusu
- Kungoja uwanjani: saa 3
- Ndege hadi Maskati: saa 5 na dakika 20

Jumla ni saa 41 na dakika 20. Katika hizo, alizokuwa anakwenda ni saa 12 na dakika 20. Zilizobaki, saa 29, alikuwa anangoja.

Tazama na hili. Kutoka Kiomboni hadi uwanja wa Julius Nyerere, ukivuta uzi ulionyooka, ni kilomita 100 na ushei. Zimemchukua saa 33. Kilomita 3,970 zilizofuata zimemchukua saa tano na dakika 20. Akiulizwa Maskati ni mbali kutoka wapi, anaweza kujibu bila utani: kutoka Dar ni karibu. Dar ndiyo mbali.

Daftari hili ni mfano. Kuna siku mambo hunyooka zaidi, na kuna siku hupinda zaidi. Kinachoamua kwanza ni mwezi. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa sababu mwezi, na jua kwa kiasi kidogo, huyavuta. Kati ya kujaa na kujaa kuna kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo maji hayajai saa ileile kila siku, huchelewa kwa takriban dakika 50. Yakijaa leo saa moja asubuhi, kesho tarajia saa mbili kasorobo na kitu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini kwenye pwani yetu hupita mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Msafiri wa delta anayajua haya bila kitabu. Anatazama mwezi jioni na kujua kesho ataondoka saa ngapi.

Na wakati anangoja kwenye matope, pengine ataona upande wa bahari kandege kadogo kakielekea Mafia. Waliomo humo watatua Kilindoni kabla yeye hajaondoka kijijini.

Boriti zilipokuwa abiria

Njia ya kutoka delta ya Rufiji hadi Maskati haikuanza na ndege. Kwa karne nyingi abiria wake wakuu walikuwa boriti, yaani miti minene iliyokatwa mikokoni na kuuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Nchi za Ghuba zina jua na mchanga, mbao hazina. Nyumba nyingi za kale za pwani zile, kama zile za Unguja na Lamu, zilitandikwa boriti za mikoko darini, na ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti.

Majahazi yalishuka kwa kaskazi, pepo zinazovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, na kurudi kwa kusi, inayoanza Aprili. Pepo hizi hugeuka kwa sababu ya bara la Asia. Wakati wa joto bara hilo hupata moto, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kujaza nafasi. Wakati wa baridi mambo hugeuka kinyume.

Jahazi likipata kusi nzuri huweza kwenda kama kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Gawanya 3,970 kwa 9: ni saa 441, yaani siku 18 na ushei, mchana na usiku bila kusimama. Ukiongeza mzunguko wa kufuata pwani, weka wiki tatu na zaidi. Lakini hizo ni saa za kwenda. Saa za kungoja zilikuwa miezi.

Tunaye shahidi. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi, na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, Sons of Sindbad. Waliteremka pwani ya Afrika Mashariki kwa kaskazi, wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti, na humo wakakaa majuma kadhaa katikati ya joto, matope na mbu, mti mmoja mmoja ukitolewa msituni kwa maji ya kujaa. Ndipo wakarudi Kuwait kwa kusi. Nahodha hakuwahi kujitia kwamba anaweza kuondoka apendapo. Aliyewahi kufika mapema mno aliingoja kusi, na aliyechelewa mno akakuta imekuwa kali ya kuvunja mlingoti.

Rubani wa leo naye ana pepo zake. Juu kabisa, hasa mbali na ikweta, kuna mito ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana kutoka London kwenda New York huchukua karibu saa nane, na kurudi huwa pungufu ya hapo kwa saa moja hivi. Tofauti yake na nahodha ni moja. Nahodha aliungoja upepo. Rubani haungoji, anaulipia kwa mafuta, na bei hiyo unaikuta kwenye tiketi yako.

Ndege juu ya mikoko

Watu wa Rufiji waliiona ndege mapema, na hawakuiona kwa heri. Septemba 20, 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta. Waingereza walijua imeingia, lakini hawakujua iko kwenye mto upi. Meli zao kubwa hazikuweza kuifuata, kwani kina hakikutosha, na kutoka baharini mikoko ni ukuta wa kijani usio na dirisha.

Wakaleta ndege. Novemba 1914 rubani wa kukodiwa, Dennis Cutler, aliruka na ndege ya kutua majini kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Safari ya kwanza alipotea, akaishiwa mafuta, ikabidi akatafutwe. Alipoenda tena aliiona manowari. Kitu ambacho boti zingekitafuta kwa wiki nyingi, mtu wa angani alikiona kwa dakika chache.

Lakini kuona si kufika. Iliwalazimu kuleta kutoka mbali meli mbili bapa zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na hata hizo ziliingia mtoni kwa kufuata maji. Julai 1915 zikapiga mizinga huku ndege zilizoruka kutoka Mafia zikizielekeza. Julai 11 Königsberg ikaangamia. Kati ya ndege kuiona na meli kuifikia ilipita zaidi ya miezi saba. Saa za kwenda zilikuwa zimeshafupishwa, za kungoja bado. Mizinga ya manowari hiyo Wajerumani waliiopoa na kuikokota nchi kavu waendelee na vita, na mmoja wake unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa.

Wajerumani nao walijaribu anga. Novemba 21, 1917 chombo kikubwa cha gesi, L59, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na shehena ya kuwapelekea wapiganaji wao waliokuwa kusini ya nchi yetu. Kilifika juu ya Sudan, kikaitwa kwa redio kirudi. Kilitua kilikotoka baada ya saa 95, kikiwa kimekwenda karibu kilomita 6,800 bila kugusa ardhi. Gawanya mwenyewe: ni kama kilomita 70 kwa saa. Basi la Kibiti likipata barabara nyeupe halipitwi na hapo. Kilichokuwa cha ajabu ni kwamba hakikusimama.

Mwaka 1937 ndege za kutua majini za Imperial Airways zilianza kubeba watu na barua kutoka Southampton hadi Durban, zikitua Dar es Salaam na Lindi. Injini zake zilikuwa na nguvu, ila kila baada ya mwendo zilitua kunywa mafuta, na jua likizama abiria walishuka kwenda kulala hotelini. Safari yote ilikula siku kadhaa. Ndege za baadaye zilikwenda mbio zaidi, kweli, lakini sehemu kubwa ya ushindi wake ilitokana na kuacha kusimama.

Kwa ufupi: Jahazi lilingoja upepo, manowari ilingoja maji, ndege ya 1937 ilingoja asubuhi. Kila safari iliyofupishwa sana ilifupishwa kwa kuondoa kungoja.

Daraja lililoisogeza Lindi

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji hata ndege. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, anayetoka Dar kwenda Lindi au Mtwara alifika mto Rufiji, pale Ndundu, akasimama. Magari yalivuka kwa pantoni, machache kwa zamu. Mto ukifurika, pantoni haivuki, na foleni inageuka kijiji: watu wanapika kando ya barabara, wanaofahamiana na wasiofahamiana.

Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Haitimii kilomita moja. Hakuna basi lililobadilishiwa injini kwa ajili yake, wala Lindi haikuhama. Ila mtu wa Lindi alianza kusema Dar ni karibu, na alikuwa sahihi.

Ukaribu huo huweza pia kunyang'anywa. Aprili 2024 mafuriko yalitapakaa Rufiji na Kibiti. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kilipiga karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini eneo la Somanga, Kilwa. Kilomita zilibaki zilezile kwenye vibao vya barabarani, na magari yakalala njiani. Siku hizo Lindi ilikuwa mbali kuliko Maskati.

Panga kuanzia penye ugumu

Watu wengi hupanga safari kuanzia ndege: wananunua tiketi ya bei nafuu, kisha wanatafuta namna ya kuifikia. Kwa anayeishi karibu na uwanja hilo halina neno. Kwa wengine, ni kufunga ng'ombe nyuma ya mkokoteni badala ya mbele. Fanya hivi:

1. Tafuta kiungo kisichoamriwa na mtu. Kwenye delta ni maji. Kwingine ni mvua, kivuko, au basi la mara moja kwa siku. Hicho ndicho kinachopanga tarehe.
2. Andika safu mbili. Moja ya kwenda, nyingine ya kungoja. Ukiona ya kungoja ni ndefu mara mbili, usipoteze nguvu kutafuta ndege ya haraka zaidi.
3. Angalia ndege ya kubadilisha. Tiketi ya kupitia mji wa tatu huweza kuwa rahisi kwa pesa na ghali kwa saa. Kilomita haziongezeki sana, kungoja ndiko kunakoongezeka.
4. Geuza saa zote. Toa sita upate saa ya Kiswahili, na kwa usiku wa manane ongeza sita na useme "kuamkia".
5. Weka usiku mmoja wa akiba kati ya safari ya nchi kavu na safari ya anga. Kulala kwa ndugu Mbagala ni nafuu kuliko tiketi iliyopotea.

Binti wa Maskati naye hatimaye akaielewa hesabu ya mama yake. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yake kuja nyumbani, na wakala wa tiketi alimpa siku mbili za kuchagua: Jumatatu au Ijumaa, bei moja. Hakujibu. Alitoka nje, akapiga simu Kiomboni.

"Mama, mwezi umeandama lini huko?"

"Juzi. Kwani wataka kufunga?"

"Hapana mama. Nataka kujua maji yatajaa saa ngapi nikifika Nyamisati."

Mama akahesabu kwa vidole, taratibu, siku baada ya siku. "Ijumaa," akasema. "Njoo na ya Ijumaa. Utakuta boti inaelea."